Bei ya Gari Hushuka, Bei ya Spea Haishuki

Katika mtaa wetu, chini ya mwarobaini ulio mbele ya nyumba ya jirani yangu, lipo gari jekundu lililofunikwa turubai. Magurudumu yake hayapo tena. Limekaa juu ya matofali, na kuku wamejipatia hapo mahali pa kutagia mayai. Mgeni apitaye hudhani kwamba ni gari la kale lililokwisha zama zake. La hasha! Halijatimiza miaka mitatu tangu liingie mtaani likinguruma kama simba, watoto wakilikimbilia na vijana wa kijiweni wakisimama kulitazama. Jirani yangu, ambaye ni mfanyakazi wa mshahara wa kawaida kama wangu na wako, alilinunua kwa akiba yake yote pamoja na mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake. Lilikwenda miezi saba. Asubuhi moja, akiwa njiani kuelekea Kibaha, mkanda wa ndani ya injini ulikatika, vali zikagonga pistoni, na safari ikaishia hapo. Alipotajiwa gharama ya kuifufua injini ile, aliomba maji ya kunywa. Mkopo, kwa upande wake, haukuharibika: uliendelea kukatwa katika mshahara wake kwa miezi 29 iliyobaki.

Nililikumbuka gari hilo miezi mitatu iliyopita, mdogo wangu aliponijia pamoja na mkewe siku ya Jumamosi jioni. Yeye ni fundi umeme kiwandani, na mkewe ni muuguzi. Wana watoto wawili wanaosoma, na makazi yao ni Tegeta. Baada ya miaka minne ya kujinyima, walikuwa wamekusanya, pamoja na mkopo, shilingi milioni 14.

"Kaka," aliniambia huku macho yakimng'aa, "kwenye yadi nimeona gari la turbo, milioni 13 na nusu tu. Hebu fikiri! Kwa fedha ile ile ya kununulia kigari cha kwendea sokoni, napata gari la mbio!"

Shemeji hakusema neno. Alikuwa ameshika daftari la matumizi ya nyumbani, amelipakata kama mtu apakataye mtoto anayeumwa.

Safu ya leo, basi, ni kwa ajili ya mdogo wangu huyo na wote walio katika njia yake. Sikusudii kumkebehi mtu anayelipenda gari la kasi. Mtu aliyeitoa fedha yake jashoni ana haki ya kufurahia usukani mwepesi na injini inayoitika mguu. Neno langu ni moja tu, nami naomba ulishike: gari la kasi likizeeka, bei yake hushuka, lakini bei ya kulitunza haishuki pamoja nayo. Gari lililokuwa ghali lilipokuwa jipya litaendelea kula kama gari ghali, hata kama wewe umelipata kwa bei ya kigari cha sokoni.

KWA NINI LINAUZWA RAHISI

Kabla hujafurahia bei, jiulize kwanza kwa nini mwenyewe ameliuza.

Magari mengi tunayoyanunua yametoka Japani, nchi ambayo, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Huko gari dogo jipya hukaguliwa kisheria baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili. Ukaguzi huo, ambao wao huuita shaken, ni wa gharama, kwa kuwa pamoja nao mwenye gari hulipa kodi na bima, na hana budi kubadili kila kilichochakaa. Tena gari la petroli likipita miaka 13 tangu liandikishwe, kodi yake ya mwaka huongezwa. Kwa hiyo Mjapani naye hukaa mezani na daftari lake. Akiona kwamba ukaguzi unakaribia, mkanda umefikia kikomo, na shokapu zimechoka, hulipeleka gari mnadani. Hakulitupa kwa kuwa ni bovu. Amelitoa kwa kuwa hesabu ya kulitunza imemshinda, au ameona haina maana. Wewe unayelinunua unainunua na hesabu ile aliyoikimbia.

Hapa kwetu nako mambo ni hayo hayo. Gari la kasi linaloonekana yadini au kwa dalali mara nyingi limepita mikononi mwa watu wawili au watatu, na kila mmoja amelifurahia, akaahirisha matengenezo, kisha akamwachia mwenzake. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara hii mmoja huacha ufa, na mwingine hujenga ukuta.

Wala usidanganywe na herufi za kibao cha namba. Watu husema, "Hili ni namba E, bado jipya." Herufi hizo hukueleza gari limeandikishwa Tanzania lini; hazikuelezi limetengenezwa lini. Gari la mwaka 2005 likiandikishwa nchini baada ya miaka mingi hupata namba mpya, lakini mpira wa rejeta na bushi za miguu haziijui herufi hiyo. Soma mwaka wa kutengenezwa katika kadi ya gari, nao ndio umri wake.

JINA NA INJINI

Jambo la pili ni uimara. Wengi huuliza, "Je, Toyota ni imara? Je, Subaru ni imara?" Swali hilo ni pana mno. Uliza habari za injini iliyomo, kwa maana gari moja lenye umbo moja laweza kuwa na injini mbili zenye tabia mbalimbali kama ndugu wawili wa tumbo moja.

Tuchukue Subaru Impreza. Mapenzi ya Afrika Mashariki kwa gari hili yana sababu: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda humo humo kwa Impreza. Lakini kumbuka kwamba gari lile la mashindano lilikuwa na kundi la mafundi wakilisubiri njiani na spea mikononi. Lako litasubiriwa na nani? Impreza ya WRX ya miaka ile ina injini ya silinda nne zilizolala ubavu, yenye turbo na mkanda wa taimingi. Mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kila karibu kilomita 100,000, na ukikatika gari likiwa mwendoni, vali na pistoni hukutana. Turbo yenyewe ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa nyingi. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinacholainisha mhimili wake ni oili ile ile ya injini. Mwenye gari aliyezoea kuchelewesha oili kwenye gari la kawaida husamehewa; kwenye turbo hasamehewi. Ila si kila Impreza ina turbo. Ziko za lita 1.5 na lita 2 zisizo na turbo, na hizo ni habari nyingine kabisa.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2003 na 2012, ni mtego wa aina yake. Ukisoma kwamba injini yake ni ya lita 1.3, utadhani inakunywa kama kigari cha mwalimu. Kumbe injini ile haina pistoni. Ina vyuma vya pembe tatu vinavyozunguka, nayo hunywa petroli kama injini kubwa. Zaidi ya hayo imeundwa iunguze oili kidogo kidogo ili kulainisha ncha za vyuma hivyo, kwa hiyo mwenyewe hana budi kupima oili mara kwa mara na kuongeza. Ncha hizo zikilika, nguvu hupotea na injini huwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto. Ni gari tamu sana barabarani, lakini kabla ya kulinunua mtafute kwanza fundi aliyewahi kuifungua injini ya namna ile. Usipompata, umekwisha jibiwa.

Toyota Mark X, iliyotoka mwaka 2004 hadi 2019, imejaa katika barabara zetu, na sifa yake ya uvumilivu si ya bure. Haina turbo, na badala ya mkanda ina cheni. Hata hivyo ina silinda sita: plagi ni sita, na oili ni lita sita hivi, hali injini ya lita 1.5 hutosheka na chini ya lita nne. Injini zake nyingi hurushiwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa mtindo huo masizi huweza kuganda kwenye vali za kuingizia hewa, kwa sababu petroli haipiti hapo kuziosha. Gari likianza kutetemeka likiwa limesimama, usikubali kuambiwa kwamba ni "plagi tu".

BMW za mfululizo wa 3 zilizotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2006 nazo zimeshuka bei hata zinamshawishi mtu. Usukani wake ni wa kusifiwa. Lakini mfumo wake wa kupozea injini una vipande vingi vya plastiki, kuanzia tangi la maji hadi viungo vya mipira, na plastiki hiyo ikizeeka huwa kavu na kupasuka. Jua letu la Februari na foleni ya Morogoro Road haviihurumii.

Na kwa asiyetaka kuachana kabisa na raha hiyo, iko njia ya kati: umbo la kijana, injini ya mzee mwenye busara. Toyota Corolla RunX, iliyotoka kati ya mwaka 2001 na 2006, ni mfano. Ile ya daraja la Z ina injini ya lita 1.8 yenye nguvu za farasi 190, inayopenda kuzungushwa kwa kasi kubwa. Ile ya lita 1.5 ina injini ya jamii ile ile iliyomo katika magari madogo mengi ya Toyota, ambayo spea zake hupatikana karibu kila mji na fundi wake yuko kila mtaa. Umbo ni moja. Matumizi ni mawili.

HESABU YA MWEZI

Sasa tuje kwenye penseli na karatasi, ambapo ukweli hujitenga na ndoto.

Tuseme unaishi Tegeta na kufanya kazi mjini, na kwa mwezi, ukijumlisha na safari za Jumapili, unakwenda kilomita 1,200. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Wewe utaweka bei iliyotangazwa na EWURA kwa mwezi wako. Gari la lita 1.5 katika foleni zetu likienda kilomita 12 kwa lita, litakunywa lita 100, yaani shilingi 300,000. Gari la turbo au la silinda sita likienda kilomita saba na nusu kwa lita, litakunywa lita 160, yaani shilingi 480,000. Tofauti ni shilingi 180,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 2,160,000. Na hapo bado hatujagusa spana.

Isitoshe, tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na tozo ikaongezwa katika lita ya mafuta. Maana yake ni kwamba anayekunywa sana hulipa sana. Tena injini nyingi za kasi zilitengenezwa zitumie petroli ya daraja la juu, ile ambayo huko Japani huuzwa kwa bei zaidi. Mwulize fundi anayeijua injini hiyo kama petroli ya vituo vyetu inaifaa, na itakuwaje ikitumia iliyo hafifu.

Baada ya mafuta yanakuja matairi. Gari la kasi huvaa rimu pana za inchi 17 au 18, na tairi lake ni jembamba kimo kama chapati. Likiingia shimoni, pigo halina pa kutulia isipokuwa kwenye rimu na shokapu. Uliza bei ya tairi moja la namna hiyo, kisha uzidishe kwa nne, ndipo uangalie tena bei ya gari.

Kisha bima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, lakini hiyo hulipa hasara uliyomtia mwenzako, wala hailipi gari lako. Bima kubwa hutozwa kwa kadiri ya thamani ya gari, nayo hulipia ajali na wizi. Hakuna bima kati ya hizo mbili inayolipia injini iliyokufa kwa uchakavu. Hiyo ni yako peke yako.

Kwa sababu hiyo nilimpa mdogo wangu shauri ambalo lilimshangaza: kabla ya kurudi yadini, nenda kwanza Gerezani. Chukua karatasi, andika jina kamili la gari, mwaka wake na namba ya injini, kisha zungukia maduka ya spea ukiulizia vitu hivi: mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, klachi, shokapu nne, diski na pedi za breki, rejeta, plagi, na turbo yenyewe. Uliza bei ya mpya na ya iliyotumika. Uliza pia kama ipo dukani au huagizwa, kwa maana gari linalongoja spea wiki tatu hulifanya jumba zima lirudi kwenye daladala huku mkopo wa gari ukikatwa. Jumlisha. Jumla hiyo ndiyo bei ya pili ya gari, ile ambayo dalali haitaji.

Mdogo wangu alikwenda. Alirudi jioni na karatasi yake, akaiweka mezani bila kusema neno. Jumla ilikuwa imepita nusu ya bei ya gari.

SIKU YA KULIKAGUA

Hata hivyo hakukata tamaa, nami sikumlaumu. Mtu akipenda, hupenda. Tukakubaliana kwamba gari likaguliwe na fundi wetu, si fundi wa muuzaji, na tukalifuata saa moja asubuhi.

Sababu ya kwenda asubuhi ni hii: injini ya baridi husema kweli. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Kama ni la moto, mtu amekuwahi ili kuficha jambo. Fungua mfuniko wa oili uangalie chini yake. Utando wa rangi ya maziwa waweza kuwa dalili kwamba maji na oili vimekutana. Likiwaka, tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda, mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi.

Ufunguo unapowashwa, kabla injini haijanguruma, taa ya onyo ya injini sharti iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Ikiwa haiwaki kabisa, usishangilie. Yawezekana mtu ameiondoa ili isiseme. Mwulize fundi apime kwa kompyuta, na pia apime kompresheni ya kila silinda. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kipimo cha damu cha injini. Silinda zote zapaswa kukaribiana. Moja ikiachwa nyuma na wenzake, hapo pana ugonjwa.

Usiiamini saa ya kilomita kabla ya kuzitazama pedali. Mpira wa pedali uliolika, usukani uliong'aa kwa viganja, na kiti kilichobonyea upande wa mlango havikubaliani na kilomita 60,000. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba karatasi ya mnada. Herufi R au RA katika nafasi ya daraja humaanisha kwamba liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Jihadhari pia na gari lililochezewa: ekzosi kubwa, turbo iliyoongezwa nguvu, shokapu zilizokatwa. Gari la namna hiyo limekwisha kuishi maisha ya mwenziwe. Na usisahau kuitafuta namba yake katika kumbukumbu za faini za barabarani, maana ukinunua gari unaweza kununua na madeni.

Mwisho liendeshe, si kwa dakika tano kuzunguka yadi, bali kwa nusu saa na zaidi, katikati ya foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, huku jicho lako likiwa kwenye kipimo cha joto. Katika makazi ya watu sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa, na trafiki mwenye tochi hajali kwamba spidomita yako inafika 240. Kosa moja ni shilingi 30,000. Kwa hiyo maisha mengi ya gari lako yatapitia katika mwendo wa pole na jua kali, na huko ndiko linakopaswa kupimwa.

Lile gari la mdogo wangu lilikuwa limepigwa rangi ikang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fundi alipopima, silinda tatu zilikaribiana, na ya nne ilikuwa chini mno. Taa ya onyo haikuwaka tangu mwanzo. Muuzaji akacheka. "Magari haya ndivyo yalivyo," alisema. "Ukilizoea halina neno. Nakupunguzia laki tano."

Mdogo wangu akanitazama. Naungama kwamba hapo nilimwona akiyumba, kwa maana laki tano si fedha ndogo, na lile gari lilikuwa linapendeza kweli.

DAFTARI LA SHEMEJI

Ndipo shemeji, ambaye tangu Jumamosi ile alikuwa hajasema, akafungua daftari. Hakumgombeza mumewe, wala hakulisema gari vibaya. Alimwonyesha ukurasa wa mwezi wa Januari: sare, viatu, madaftari, ada ya mtoto mkubwa, kodi ya nyumba ya miezi mitatu.

"Baba Neema," aliuliza kwa sauti ya chini, "gari hili likitaka milioni tatu mwezi huu, tutafuta mstari upi?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo nililotaka kukuandikia tangu mwanzo, na mengine yote niliyoyaandika ni njia ya kulifikia. Gari halina budi kuingia katika daftari la nyumbani kama mtu anayeingia katika nyumba: anakula nini, anaugua mara ngapi, na akiugua atatibiwa kwa fedha ipi. Ikiwa kila ugonjwa wa gari utalipiwa kwa kufuta mstari wa mtoto, basi gari hilo ni ghali, hata likiuzwa milioni mbili. Na ikiwa umejiwekea fungu la matibabu yake, na kila mwezi unaliongeza, basi nunua lolote lililo na afya, liwe la turbo au la silinda sita, na mtu asikuonee gere.

Kanuni niliyompa mdogo wangu, nawe nakupa. Mwenye milioni 14 asinunue gari la milioni 14. Atenge robo moja, asiiguse siku ya kununua, kwa kuwa gari lililotumika litaiomba robo hiyo katika miezi ya mwanzo. Kisha, kabla ya kununua, ajaribu kwa miezi mitatu kuweka pembeni fedha ya mafuta na matengenezo ya gari analolitaka, kana kwamba tayari analo. Akishindwa kuiweka, amejua. Akiweza, amejua pia, na juu ya hayo amepata akiba.

Mdogo wangu alinuna wiki nzima. Baada ya hapo alinunua RunX ya lita 1.5, ya kubadili gia kwa mkono, kwa shilingi milioni 9 na nusu, baada ya fundi kuipima. Katika miezi miwili ya kwanza ilimwomba matairi manne, bushi za mbele, betri na shokapu mbili: jumla shilingi 1,600,000. Zilitoka katika fungu lililotengwa, na hakuna mstari uliofutwa katika daftari. Haishindi mbio na mtu. Lakini Jumapili iliyopita aliwapakia watoto wakaenda Bagamoyo, na aliporudi alinieleza kwa dakika 20 jinsi inavyoitika ukiitia gia ya tatu pale barabara inapopinda.

Alipokuja kunionyesha, jirani yangu mwenye gari la matofali alitoka akalizunguka pole pole. Aliinama, akatazama chini ya injini, akagusa boneti kwa kiganja.

"Mkanda ulibadilishwa lini?" aliuliza.

"Hili halina mkanda, kaka," mdogo wangu alimjibu kwa heshima. "Lina cheni."

Jirani yangu aliitikia kwa kichwa, akaligeukia turubai lake chini ya mwarobaini, akalitazama kitambo.

"Vema," alisema. "Basi, mdogo wangu, angalia oili."

Nami, ndugu msomaji, nikitafuta neno la kufungia safu ya leo sikuona lililo bora kuliko hilo. Tuonane Jumapili ijayo.